Alama ya Chaki Nyekundu

Mwizi mwenyewe hakuwepo. Hilo ndilo lililomnyima usingizi binti wa Fundi Vitasa. Majirani walikosa usingizi kwa sababu mwizi yuko. Yeye alikosa usingizi kwa sababu hayuko, na kila kukicha watu wanazidi kumwona.

Asubuhi hiyo aliyemwona alikuwa Mshonaji, yule mwenye cherehani barazani, mkabala na karakana yao. Alivuka barabara, utepe wa kupimia nguo ukining'inia shingoni, akaegemea mlango na kusema kwa sauti ya chini kama mtu anayetaja maradhi ya aibu.

"Mkakati, mwenzio nimemwona."

"Umemwona nani, dada?"

"Huyo wenu. Wa kwenye karatasi. Mrefu, mwembamba, hana viatu. Kapita nyuma kwetu jana nikiwa naanua nguo. Kausogelea mlango wa jikoni, kauangalia weee, kisha kaondoka. Hata hatua sikuisikia."

Binti aliweka chini tupa aliyokuwa akilainishia ufunguo. Hana viatu. Maneno hayo yalikuwa yake. Aliyaandika akiwa amekaa juu ya pipa la misumari, anatafuna penseli, anatafuta namna ya kumfanya mwizi asisikike, hadi akaona heri amvue viatu. Sasa mtu aliyevuliwa viatu kwa penseli alikuwa anapita nyuma ya nyumba za watu.

"Labda alikuwa mpita njia, dada."

"Mpita njia gani anakagua bawaba za mlango wangu? Usinifanye mtoto. Nataka kitasa cha pili. Juu na chini, kama mlivyoandika. Na mzee asichelewe kuja."

Jina la Mkakati lilikuwa la utani. Walimpachika pale mtaani alipoanza kwenda kwenye masomo ya jioni, kwenye chumba kimoja juu ya duka la rangi, ambako kijana mwenye tai ndefu kuliko koti alifundisha mambo ya masoko. Alikwenda huko kwa sababu karakana ya baba yake ilikuwa inakata roho. Fundi Vitasa alitengeneza vitasa kwa mkono: akate bamba, alipige tupa mpaka kingo ziwe laini kama ukingo wa kikombe, aweke springi na ndimi za shaba moja moja. Kitasa chake ukikifunga kinasema "klak" mara moja, kisha kinanyamaza. Lakini madukani vilikuwa vimejaa vitasa vya bati vinavyong'aa, na watu wakaenda kwenye kung'aa. Mzee akabaki na jiriwa yake ya kubania chuma, nyundo yake, na masikio ambayo nyundo hiyo ilikuwa imeyachosha. Ukitaka akusikie ilikubidi usimame mbele yake, akuone midomo.

Mwalimu wa Masoko alimpa binti mwanga. Mjue mteja wako, alisema, kabla hujaijua bidhaa yako. Ujue anatafuta nini, maana hakuna anayenunua kitasa, watu wananunua usingizi. Ujue una kipi ambacho wenzako hawana. Bei yako nayo iseme kitu. Usikae ukamsubiri mteja, mfuate alipo. Kisha ujumbe uwe mmoja, mfupi, unaoshika. Ukimaliza, pima: umefanya kazi au haukufanya?

Binti aliyaandika yote kwa mkaa kwenye ubao wa plaiwudi, akausimamisha karakanani. Baba yake aliutazama kwa muda, miwani ikiwa kwenye paji la uso.

"Na mimi ni upi hapo?"

"Wewe ndiye bidhaa, baba."

Mzee alicheka mpaka akakohoa, akashika jiriwa asianguke. Siku nzima ile kila akiinua nyundo alisema, "Bidhaa inafanya kazi," na kuendelea kucheka.

Usidhani binti alikuwa mvivu wa kufikiri. Alizunguka mitaani, akabisha hodi, akauliza watu wanafunga milango kwa kitu gani, wanaogopa nini. Jibu likawa lile lile kila mlango: kitasa kipo, kinatosha, huku kwetu wizi hakuna. Na kweli haukuwepo. Watu walianika nguo wakaondoka. Nyumbani kwao binti hata kitasa hakikuwepo. Mlango wa fundi wa vitasa ulifungwa kwa kamba ya katani iliyozungushwa kwenye msumari, na shangazi yake, dada mkubwa wa mzee, hakuacha kuwatania kwa hilo. "Kwa mganga ndiko kwenye kikohozi," alikuwa akisema, akiifunga kamba.

Alipompelekea Mwalimu habari hiyo, Mwalimu alilegeza tai. "Kwa hiyo hitaji limelala," alisema. "Basi liamshe."

Akaliamsha. Alichapisha vipeperushi, karatasi ya njano, maandishi meusi. Juu: MLANGO WAKO UMESHAPIMWA? Chini yake akaeleza kwamba kuna mwizi anayepita mchana, mrefu, mwembamba, hana viatu wala hasemi neno, anayekagua milango ya watu. Akiona kitasa dhaifu anaweka alama ya chaki nyekundu kwenye fremu, kisha anarudi. Ukiiona alama, ujue zamu yako imefika. Chini kabisa akamalizia: weka vitasa viwili, juu na chini, vya Fundi Vitasa. Na katikati ya karatasi akachora alama yenyewe: duara, mstari unaolikata, vitone viwili chini. Hakuifikiria sana. Mkono ulijiendea wenyewe, kama unavyojichorea mambo mtu akiwa anaongea na simu.

Ujumbe ulifanya kazi. Tuseme ukweli, ulifanya kazi kupita kiasi. Watu waliokuwa wakipita karakana kama wanapita ukuta sasa walipanga foleni. Fundi Vitasa aliyekuwa akisinzia mchana akawa anatoka asubuhi na sanduku lake la zana, anarudi jioni, mgongo unauma na uso unacheka. Aliongeza hata mwendo wa kula. Binti alimtazama akimega chakula kwa haraka kama kijana, akasema moyoni kwamba hata kama ni uongo, ni uongo mdogo, haumdhuru mtu.

Kisha likatokea la mwokota chupa.

Alikuwa mtu wa kupita na gunia lake, hana ugomvi na mtu, miguu peku kwa sababu viatu hakuwa navyo. Mwanamke mmoja alipiga kelele, wanaume wakatoka. Binti alikuwa anatoka dukani. Alimwona yule mtu akikimbia, mdomo wazi, hapigi kelele, anakimbia tu, na nyuma yake watu aliowafahamu: kinyozi, muuza magodoro, mwalimu wa watoto wadogo. Nyuso zao hakuzifahamu. Mwokota chupa alijitupa mtaroni akatokea upande wa pili, wakamkosa. Gunia lake lilibaki barabarani, na muuza magodoro, aliyekuwa akijulikana kwa mizaha, alilipiga teke mpaka chupa zote zikapasuka.

Tangu siku hiyo binti aliogopa. Si kwamba aliogopa kidogo kidogo. Hofu ilimwingia kama maji kwenye kiatu, kila hatua anaisikia. Mtaa ukaunda zamu za ulinzi. Watu wakaanza kulala na nyundo na vyuma. Shangazi akauleta mchi wa kinu kitandani, akalala nao ubavuni.

Alikwenda kwa Mwalimu wa Masoko, akamkuta anafuta ubao.

"Mwalimu, lile tangazo. Nataka kulirudisha. Nifanyeje?"

"Ulirudishe? Ujumbe wako umefika mahali wateja wanauendeleza wenyewe. Kuna makampuni yanaota hilo."

"Watu wanamwona mtu ambaye hayupo. Nimemtunga mimi, mwalimu. Nilikuwa nimekaa juu ya pipa."

"Najua, najua." Mwalimu aliufunga mlango wa darasa, akarudi karibu, akapunguza sauti. "Ila hebu niambie. Mzee anaweza kuja kwangu lini? Maana mke wangu anasema na upande wetu huyo mwizi ameshafika."

Binti alimtazama usoni aone kama anatania. Hakuwa anatania. Alishuka ngazi za duka la rangi ameshika ukuta.

Basi asubuhi ile Mshonaji alipomaliza ya kwake akavuka kurudi kwenye cherehani, mzee alitoka chumba cha nyuma, sanduku mkononi, tayari kwa safari. Alisimama mbele ya kipeperushi kilichobandikwa juu ya jiriwa, akateremsha miwani.

"Hili sijakushukuru," alisema, akagusa mchoro kwa kidole. "Kuniwekea alama yangu."

Binti aligeuka. "Alama gani, baba?"

"Hii. Si ndiyo nembo? Ulisema kila biashara iwe na nembo. Mimi maandishi yenu madogo siyaoni, lakini hii nimeijua mara moja. Duara ni tundu la ufunguo, mstari ni usawa wa mkono, vitone ni skrubu. Hivyo ndivyo alivyonifundisha marehemu mjomba." Akatabasamu kwa haya. "Nikasema, kumbe mtoto alikuwa ananitazama."

Alimpiga binti begani polepole, akatoka.

Hadi jua likapanda utosini binti alikuwa bado analigeuza neno hilo kichwani, ufunguo usiokatwa mkononi. Miaka yote baba yake alipima mlango mmoja, akauchora kwa chaki, akautoboa pale pale, na bamba la kitasa likaifunika alama kabla mtu hajaiona. Ni yeye tu aliyeiona, tangu akiwa mtoto wa kushika taa. Lakini sasa kazi zilikuwa nyingi. Wiki hii mzee alikuwa amebadili utaratibu: anapita mtaa mzima akichora, kisha anarudi kesho yake kutoboa. Na zaidi ya hapo. Si yeye mwenyewe binti aliyemwambia, usikae kumsubiri mteja, mfuate alipo? Jana mzee alisimulia wakati wa kula, anajisifu, kwamba akiona mlango wenye kitasa cha bati hovyo hovyo anauchora kabisa hata kama mwenyewe hayupo, ili akirudi wazungumze.

Anakagua milango. Akiona kitasa dhaifu anaweka alama. Kisha anarudi.

Halafu viatu. Baba yake hakupiga magoti kwenye kizingiti cha mtu na viatu. Alivivua, akavishika mkono mmoja, akatembea peku toka mlango hadi mlango. Ukimwita hageuki. Mrefu. Mwembamba.

Hakuwa ametunga mwizi yeyote. Alikuwa amekaa juu ya pipa la misumari, akatafuta mtu kichwani, na mtu wa kwanza aliyekuja alikuwa baba yake.

Alitupa ufunguo akakimbilia mlangoni, akagongana na yule muuza magodoro, waliyemwita Kipara, anayeingia anahema.

"Mkakati, umesikia? Mtaa wa chini kote kumechorwa. Fremu kwa fremu. Chaki bado mbichi. Mwashi, yule wa zamu za ulinzi huko, na wenzake wamejificha vichochoroni, wanasema leo haponi."

"Mtaa wa chini wapi?"

"Kwenye mteremko, nyuma ya mashine ya kusaga. Wewe unakwenda wapi sasa, huko si kwa kwenda mwanamke, nasema wamebeba vyuma..."

Alikuwa ameshamwacha.

Alikimbia. Njia ya kwenda mtaa wa chini aliijua tangu utotoni, lakini siku ile ilikuwa kama imerefushwa. Alipita mabomba, akapita mashine ya kusaga iliyozimwa, na kuzimwa kwake mchana ule kulimwogopesha kuliko kelele yoyote, maana mwenye mashine haachi kazi bila jambo. Kisha akaanza kuziona. Fremu ya kwanza, duara na mstari. Fremu ya pili. Nyekundu, safi, zimechorwa kwa mkono usiotetemeka, kila moja imenyooka kama imepigwa chapa. Kazi nzuri ya baba yake. Watoto hawakuwepo nje. Nyuma ya madirisha mapazia yalitikisika yakatulia.

Hakuna aliyekuwa anapiga kelele. Angesikia kelele angejua amechelewa kiasi gani. Aliwakuta kwenye kona, wanaume na wanawake, wamesimama kimya kama watu kwenye mazishi, wamezunguka. Alipenya kwa viwiko.

Baba yake alikuwa ameketi chini, mgongo ukutani. Mikono ilikuwa imefungwa kwa kamba ya kuanikia nguo. Sikio moja lilitoka damu, ikashuka kwenye kola. Kiatu kimoja kilikuwa mapajani, kingine hakikuonekana. Vidole vyake vilikuwa vyekundu, na ilimchukua binti muda kujua kwamba ile ilikuwa chaki.

Mwashi alikuwa amesimama ubavuni mwake, pande la nondo mkononi. Alikuwa mtu mpana, mwenye saruji kwenye kope, na alionekana naye hakulala siku nyingi.

"Mara ya mwisho," alimwambia mzee, upande wa sikio. "Nani anakutuma?"

Mzee alikuwa anaangalia mbele. Hakusikia kitu.

"Mnaona? Hasemi. Ni yeye yule, kama ilivyoandikwa."

"Hasikii," alisema binti. Sauti ilimtoka nyembamba, akairudia. "Hasikii, kaka. Simama mbele yake. Ni baba yangu. Ni Fundi Vitasa."

Watu waligeuka. Mtu mmoja alitoa karatasi ya njano mfukoni, imekunjwa mara nyingi mpaka imechakaa kama noti.

"Fundi Vitasa ndiye aliyetutahadharisha," alisema. "Mimi uso wake siujui, ila jina lake limeandikwa hapa chini ya karatasi. Atutahadharishe kuhusu yeye mwenyewe? Tumekuwa wajinga kiasi hicho?"

"Karatasi niliiandika mimi. Mwizi huyo nimemtunga. Hayupo, hakuwahi kuwepo. Nilitaka kuuza vitasa."

Alidhani akishalisema hilo litafungua kamba. Hakuna aliyesogea. Mama mmoja aliyejifunga khanga kichwani alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha.

"Hayupo? Mimi nimemwona kwa macho haya. Unaniita mwongo mbele ya wanangu?"

"Na mimi."

"Mimi kasimama dirishani kwangu."

"Huyu naye ni wa kwao," ilisema sauti ya nyuma. "Mshikeni huyo naye."

Mkono ulimshika juu ya kiwiko. Haukumshika kwa nguvu. Ulimshika tu, kama wa mtu anayeshika kitu asije akakipoteza. Binti aliona kwamba angeweza kusema ukweli huo mpaka jua lizame wasiupokee, kwa sababu ukweli huo ulikuwa unawanyang'anya kitu. Walikuwa wamekesha. Walikuwa wameogopa mbele ya wake zao na watoto wao. Nani atakubali kuambiwa kwamba alikuwa anaogopa karatasi?

Mjue mteja wako. Ujue anatafuta nini. Lilimjia hivyo, kwa sauti ya yule kijana mwenye tai, na akamchukia, na akalitumia.

"Ni kweli, mama," alisema. "Umemwona. Wote mmemwona. Mrefu, hana viatu, anakagua mlango. Macho yenu hayana kosa hata kidogo. Mliyemwona ndiye huyu."

Mkono kwenye kiwiko ulilegea kidogo.

"Anapima milango. Ndiyo kazi yake, na viatu anavivua asiwachafulie vizingiti. Hii alama ni ya kutobolea kitasa. Duara tundu la ufunguo, mstari usawa wa mkono." Alikuwa anatazama huku na huku akisema, anatafuta, na jicho lake likaangukia mlango wa nyumba ya kona, nyuma ya mabega ya Mwashi. Mlango wa zamani, rangi imebabuka, na juu yake bamba la chuma ambalo kingo zake zilikuwa laini kama ukingo wa kikombe. "Nyumba ile ya nani?"

"Yangu," alisema Mwashi. "Kwa nini?"

"Kitasa ulikiweka wewe?"

"Nilinunua nyumba nikakikuta. Kina umri mkubwa kuliko hawa watoto. Hakijawahi kunisumbua."

"Kifungue bamba. Kama chini yake hakuna alama kama hizi, fanyeni mnalotaka."

Alipokwisha kusema hivyo ndipo akakumbuka kwamba chaki ni vumbi, na mlango ule ulikuwa wa miaka, na mvua zilikuwa zimenyesha mara ngapi. Lakini neno lilikuwa limeshatoka.

Mwashi alimtazama. Kisha aliliendea sanduku la zana la mzee lililopinduliwa, akachagua bisibisi, akaenda mlangoni kwake. Skrubu ya kwanza ililia kwa kutu. Ya pili ilikataa, akaibana kwa uzito wote. Watu walisogea naye. Binti hakusogea. Alipiga magoti mbele ya baba yake, mahali anapoweza kuonekana midomo. Mzee alimtazama kwa macho ya mtu aliyeamshwa katikati ya ndoto.

"Nimekosea kipimo?" aliuliza.

Bamba lilianguka kwenye kizingiti. Mwashi aliinama, akapuliza. Alikaa ameinama muda mrefu kwa mtu wa kimo chake. Kisha akasogea pembeni, wengine waone.

Mbao chini ya bamba ilikuwa na rangi yake ya asili, haikuguswa na jua wala mvua. Juu yake mstari mwekundu ulipita sawasawa, na kuzunguka tundu palikuwa na mkunjo wa duara, umefifia, lakini haukuweza kuwa kitu kingine.

Hakuna aliyeomba radhi. Mtu alikata kamba, mtu akakitafuta kile kiatu kingine na kukiweka karibu na mguu wa mzee, kwa adabu, kana kwamba kilikuwa kimeanguka chenyewe. Nondo iliegemezwa ukutani. Mwashi alirudi akasimama mbele ya mzee, safari hii mbele kabisa, akatikisa kichwa kama anayemsalimia. Akamgeukia binti.

"Mchukue baba yako. Na hizi karatasi zenu nisizione huku tena."

"Hutaziona."

Watu walianza kutawanyika. Ndipo yule mama wa khanga, aliyekuwa bado hajaondoka, akauliza polepole, kama anajiuliza mwenyewe:

"Sawa, mzee alikuwa anapima milango. Je, yule aliyekuwa juu ya bati la paa langu?"

Kila mtu alimwangalia Fundi Vitasa, ambaye binti yake na mtu mwingine walikuwa wanamwinua, na magoti yake yalikuwa hayataki kunyooka. Mtu wa aina hiyo hapandi juu ya bati. Binti alifungua mdomo amwambie yule mama kwamba juu ya bati hapakuwa na mtu. Alimwona uso, akamshika baba yake kiunoni waondoke.

Waliondoka, mzee akimshika bega. Nyuma yao mlango ulifungwa, klak. Kisha mwingine. Walivyopanda mteremko nyumba baada ya nyumba ilijifunga, mchana kweupe, klak juu, klak chini, na binti alivijua vitasa kwa sauti, kila kimoja. Vingi vilikuwa vyao. Mwalimu alisema ukimaliza upime, na hapo alikuwa anapima bila kutaka. Mzee hakusikia hata kimoja. Alikuwa anatembea ametazama chini, na walipofika mashine ya kusaga alisimama, akavaa viatu vyote viwili, akakaza kamba zake vizuri, ndipo wakaendelea.

Nyumbani shangazi aliwapokea akiwa na mchi mkononi. Aliliona sikio la mdogo wake, akaiona kola, hakuuliza. Alimkalisha, akaosha damu kwa kitambaa na maji ya vuguvugu. Alipomaliza alikwenda mlangoni, akaishika ile kamba ya katani kwa vidole viwili.

"Hii," alisema, "leo mimi silali nayo."

"Shangazi, hakuna mwizi," alisema binti. "Nakuapia. Nimekwambia kila kitu."

"Nimekusikia, mwanangu. Na mimi nakwambia silali nayo."

Mzee aliwaona midomo. Aliinuka, akaenda kwenye sanduku lake, akatoa kitasa alichokuwa amemtengenezea mteja wa mtaa wa chini. Akapiga goti mlangoni pake mwenyewe, kwa mara ya kwanza tangu nyumba ijengwe. Akapima kwa shubiri, akaweka kidole mahali pa tundu. Mkono wa pili uliingia mfukoni ukatoka na kipande cha chaki nyekundu, ukapanda hadi kwenye ubao, ukasimama.

Alitazama nje, upande huu wa barabara, kisha upande ule. Mshonaji alikuwa barazani kwake, mguu umetulia kwenye cherehani, anaangalia.

Mzee alirudisha chaki mfukoni. Akatia kidole mdomoni, akakilowesha, akachora kwa mate: duara, mstari, vitone viwili. Kwenye mbao kavu vilionekana vyeusi, na tayari kingo zilikuwa zinaanza kufutika.

"Lete keekee," alimwambia binti, bila kugeuka. "Toboa upesi, kabla haijakauka."